Kifaru cha Vizibo Ishirini na Vinne

Wasikilizaji wapenzi, wazee wangu mlioketi chini ya miembe baada ya kazi ya kutwa, mama zetu mnaopepeta kunde huku redio imetundikwa dirishani, na nyinyi vijana ambao masikio yako kwangu na macho yako kwingine: nawaamkia nyote, mlio Kitui na mlio Makueni, na kila msafiri apitaye njia kuu ya Mombasa akatunasa hewani bila kutazamia.

Jioni ya leo nina haja ya kuzungumza nanyi juu ya kifaru. Nimelitamka neno hili, na papo hapo najua ya kuwa nusu yenu mmemwona mnyama, mwenye pembe puani na hasira za bure, na nusu ya pili mmekiona chombo cha vita kinachotambaa juu ya minyororo yake. Lugha yetu imewapa hawa wawili jina moja, kisha ikawatenga kwa upatanisho wa maneno, maana yule wa porini ni kifaru huyu, na kile cha chuma ni kifaru hiki, kana kwamba sarufi yenyewe imesimama mlangoni ikamwuliza kila aingiaye, "Je, bwana, wewe una pumzi au huna?" Mimi nitasema zaidi juu ya kifaru hiki, wala si kile cha tani arubaini na ushei, bali kile kilichoko mezani kwangu saa hii, ambacho urefu wake, mzinga ukiwa umehesabiwa, haufiki hata dhiraa moja.

Aliyekiunda ni mtoto wa jirani yangu, upande wa Kibwezi, mvulana wa miaka kumi na mitatu ambaye huniita babu ingawa hatuna udugu wa damu, kwa sababu tu nalikuwa mwalimu wa ufundi zamani na karakana yangu ndogo haina kufuli. Siku moja mwezi wa Februari alinijia na karatasi kuukuu mkononi, akaamkia, akasimama kimya kwa muda, kisha akasema, "Babu, nataka kuunda hiki. Si kuchora. Kuunda."

Hapo, wasikilizaji wangu, yafaa tutue kidogo tulifahamu neno hili kuunda. Katika nchi za mbali wapo watu wazima, wengine madaktari na mahakimu, ambao wakitoka kazini hujifungia chumbani wakaunganisha vifaru vidogo vya plastiki, ambavyo sehemu zake zote huuzwa ndani ya kisanduku pamoja na karatasi ya maelezo. Na kazi hiyo si haba, inataka macho na subira. Lakini juu ya watu hao kuna tabaka la mastadi wanaoheshimiwa zaidi, nao ni wale wasionunua kisanduku asilani, wanaokata kila kipande wenyewe kutoka katika bati, ubao na waya, tangu gurudumu la kwanza hata msumari wa mwisho. Sasa niulize: ni mtoto gani wa Mutomo, au wa Tawa, au wa Mtito Andei, aliyepata kuunda gari lake kwa njia nyingine? Hapa kwetu lile tabaka la juu ndilo tabaka pekee. Mtoto hukusanya waya, akaukunja kwa meno na jiwe, akafanya lori lenye usukani mrefu wa kushikwa kwa kusimama, naye hakuambiwa na mtu kwamba ameanzia pale wengine wanapomalizia.

Turudi kwenye ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wa gazeti lililotandikwa ndani ya sanduku la bati la marehemu babu yake wa kweli, chini ya nguo, na ilikuwa na picha ya kifaru kikishushwa bandarini Mombasa. Wakubwa mtaikumbuka habari hiyo. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka baharini meli iitwayo Faina, iliyokuwa ikija Mombasa na shehena ya vifaru 33 vya aina ya T-72 kutoka Ukraini, wakaizuia miezi minne na zaidi hata walipolipwa fidia, nayo ikafika bandarini Februari 2009. Serikali yetu ilisema mali hiyo ni ya jeshi la Kenya. Wengine wakashikilia ya kuwa ilikuwa njiani kwenda Sudani ya Kusini. Na maneno hayo yakawa marefu kuliko meli yenyewe. Mtoto huyu hakuwa amezaliwa. Yeye hakutaka kujua vifaru vilikuwa vya nani. Alitaka kujua vina upana gani.

Na hilo, wapenzi, ndilo lililonifanya nimkaribishe ndani. Maana kuunda ni kupima. Nitarudia, kwa ajili ya waliokuwa wakifukuza mbuzi shambani: kuunda ni kupima kwanza, na bati baadaye. Asiyepima huunda kitu kinachofanana na kifaru kwa mtazamaji aliye mbali tu, kama vile wingu hufanana na ngamia.

Basi alipimaje, ilhali hakuwa na kitabu wala mtu wa kumwambia? Sikilizeni alivyofanya. Picha ilikuwa imepigwa ubavuni, na magurudumu yote sita ya upande mmoja yalikuwa yakionekana. Akakata kijikaratasi chenye upana wa gurudumu moja pale pichani, akakipitisha juu ya picha hatua kwa hatua, kama muuza kitambaa apimaye kwa mkono, akakuta kwamba kifaru kutoka ardhini hata juu ya paa la mnara wake ni magurudumu matatu, na mwili wake, pasipo mzinga, ni magurudumu tisa na kipande. Kisha akatafuta gurudumu. Na gurudumu la mtoto wa Kibwezi ni nini, kama si kizibo cha soda? Kizibo ukikinyoosha meno yake kwa nyundo na kukisawazisha kwa tupa hukupa duara ya sentimita tatu. Basi kifaru kitakuwa na kimo cha sentimita tisa. Mambo yakaisha.

Mimi baadaye nilifungua vitabu vyangu nikakuta ya kuwa gurudumu la T-72 lina kipenyo cha sentimita 75, na kimo chake ni mita mbili na ushei kidogo. Gawanya 75 kwa tatu: nisba yake ni moja kwa ishirini na tano. Mtoto hakuichagua nisba hiyo. Kizibo ndicho kilichomchagulia.

Msije mkacheka mkadhani huu ni ushamba. Nisba inayotumiwa zaidi ulimwenguni na waunda vifaru vidogo ni moja kwa thelathini na tano, nayo ni hesabu isiyo na maelekeo, haigawanyiki vizuri kwa inchi wala kwa sentimita. Ilitoka wapi? Ilitoka Japani, mapema katika miaka ya 1960, katika kampuni ya Tamiya, ambayo ilitengeneza kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther na kutaka kiende chenyewe kwa mota. Kwa hiyo ikawabidi wakifanye kikubwa kiasi cha kumeza betri mbili za tochi. Kikapendwa mno, na walipokuja kukipima ili watengeneze vingine vya kulingana nacho, wakakuta kimeangukia karibu na thelathini na tano, na dunia nzima ikafuata. Kwa Wajapani iliamua betri, kwa Kibwezi kikaamua kizibo, nami sioni kwa nini cha kwetu kiwe na aibu.

Haya, nimesema nini hadi hapa? Nimesema kwamba mtoto amepata picha, amepata kipimo, na kipimo chake ni kizibo. Sasa tuingie kazini.

Mwili wa kifaru aliukata katika debe la mafuta ya kupikia, kwa mkasi wangu wa bati, juu ya kiunzi cha mbao za mukau. Mukau mnaujua, ni mti wetu wa nchi kavu, usioliwa na mchwa upesi, ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu inaushughulikia pale Kitui ili miche yake iwafikie wakulima. Na vipande vyake vidogo hutupwa na maseremala kwa sababu havitoshi hata mguu wa kigoda. Alipiga lehemu pembe zote, akanionyesha. Nikatazama. Kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa chembamba. Kilisimama kama mtu mwenye mabega ya kuazima.

Nikamwuliza, "Upana uliupata wapi?"

Akanyamaza. Akachora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Picha ni ya ubavuni, babu. Upana hauonekani. Nilikadiria vizibo vinne."

Basi nikamwambia ukweli, ya kuwa kifaru hicho kina upana wa mita tatu na nusu na zaidi, yaani magurudumu matano kasoro kidogo, na chake kimepungukiwa sentimita mbili na nusu. Nalidhani atalia, au atasema si kitu, nani atajua. Aghalabu watu wazima husema hivyo: nani atajua? Lakini yeye alikaa juu ya kigoda, akakiweka magotini, akakipapasa kama mtu apapasaye mbuzi mgonjwa, kisha akachukua kisu cha msumeno akakipasua katikati, kutoka pua hadi mkia, kazi ya majuma mawili, akaingiza ukanda wa bati wa sentimita mbili na nusu, akalehemu tena mbele na nyuma. Kovu lile mpaka leo unaliona ukikipindua tumboni. Nilitaka kumsaidia kulifuta kwa msasa. Alikataa.

Mnara, yaani kile kichwa kinachozunguka, ulikuwa na hikaya yake. Mnara wa T-72 ni wa mviringo, umebonyea juu, mfano wa bakuli lililofunikwa. Bati halikubali umbo hilo pasipo mashine. Tulijaribu, likakunjamana. Ni bibi yake, susu yake, aliyetatua shida, tena bila kuombwa. Alikuwa amekuja kuchukua jembe lililoletwa kutiwa mpini, akatutazama tukihangaika, akasema kwa Kikamba maneno ambayo maana yake ni kwamba wanaume wawili wanatafuta duara ilhali shambani kumejaa vibuyu. Siku ya pili akaleta kibuyu kidogo kilichokomaa kikiwa kimelala ardhini, na upande uliolalia udongo ulikuwa umebonyea vile vile utakikanavyo. Kikakatwa, kikakaushwa, kikasuguliwa. Ni chepesi, ni kigumu, na ukikigonga kwa ukucha kinalia kama kitu chenye siri.

Na mzinga? Hapa nawasihi wazazi waangalie nyumba zao, kwa maana mzinga wa kifaru chetu ni antena ya redio. Antena ya redio mbovu, alhamdulillahi, si ya hii mnayonisikiliza, ingawa baadhi yenu mkisikia sauti yangu inakatika ghafula mtajua la kufanya. Antena ina sifa moja ambayo hakuna bomba jingine lililo nayo: ni nene shinani na nyembamba ncha, kama mzinga wenyewe ulivyo. Palipotakiwa uvimbe katikati, mahali pa kunasia moshi wa baruti, alizungusha tepu ya fundi umeme mara kumi na moja. Naye akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo halijanitoka: kwa nini mzinga wa kupigia watu na mzinga wa nyuki huitwa jina moja? Nikamwonyesha mzinga uliotundikwa mbuyuni kwa jirani, gogo lililochimbwa likawa bomba, mdomo wake umeelekezwa bondeni. Akautazama sana. Akasema, "Huo unapiga asali."

Nyuma ya kifaru kuna mapipa mawili ya mafuta, ya lita 200 kila moja katika kifaru chenyewe, nayo tuliyapata katika mpini wa fagio, vipande viwili vya sentimita tatu na nusu. Chini ya mapipa limefungwa gogo. Ndiyo, gogo la mti! Mtu asiyejua huliona pichani akadhani ni takataka, lakini ni chombo cha lazima: kifaru kikizama matopeni, askari huliteremsha wakalifunga kwenye minyororo, ili minyororo ikizunguka ilivute chini ya tumbo na kifaru kijikwamue chenyewe. Kwa madereva wetu hili si fumbo. Yeyote aliyewahi kuvuka mchanga wa mto Tiva kwa lori, akaona magurudumu yanachimba kaburi lake, anajua thamani ya gogo moja lililokatwa mapema.

Sasa minyororo. Sina budi nikubali, hapa tuliaibika. Tulikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita mbili na milimita tatu, tukaupangia vipande vya njiti za kiberiti kimoja kimoja, zaidi ya tisini kila upande, kwa gundi ya fundi viatu. Ukapendeza mno. Tukauanika juani, na jua la Kibwezi mnalijua. Saa nane mchana gundi ikalainika, njiti zikateleza zikarundikana upande mmoja kama abiria wa basi lililofunga breki. Kazi ya siku tatu. Nilisema neno ambalo sitalirudia redioni.

Alikuja kutuokoa binamu yake wa kike kutoka Mutomo, aliyekuja kwao likizo ya Aprili, naye ni binti wa mshona viatu, wa hawa wanaotengeneza akala za matairi. Aliitazama kazi yetu kwa huruma kidogo. Akasema baba yake haamini gundi, huamini uzi. Akatwaa sindano ya viatu, akazishona zile njiti juu ya mpira kwa mshono wa kurudi nyuma, kila njiti mishono miwili, huku akiimba puani. Na kazi iliyotushinda kwa siku tatu ikamchukua alasiri mbili. Nalimwuliza kama angependa kuunda kifaru chake mwenyewe. Akasema la, yeye anataka kuunda tingatinga la kuchimba bwawa, kwa kuwa kwao Mutomo maji ni ya mbali.

Wala hakujua alilolisema linavyogusa historia. Vifaru vya kwanza viliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916, karibu na mto Somme, Ufaransa. Na Waingereza walipokuwa wakiviunda kwa siri katika mji wa Lincoln, walieneza habari ya kuwa hayo ni matangi ya kuchukulia maji, ya kupelekwa Mesopotamia, nchi tuiitayo leo Iraki. Hivyo kwa Kiingereza kifaru kikaitwa tangi, na jina la uongo likawa jina la kudumu. Nafikiri ni Mwingereza tu, aliyezaliwa kwenye mvua, ambaye angeweza kulitania neno tangi. Hapa Ukambani, ambako mvua hupigiwa hesabu kama mshahara, mtu akikuambia ameleta tangi kisha likateremka na mzinga badala ya bomba, urafiki umekwisha.

Najua sasa kuna msikilizaji, pengine mama mmoja Wote au mzee mmoja Mwingi, anayeuliza moyoni: mwalimu huyu hakuona kitu kingine cha kumfundisha mtoto ila chombo cha kuulia? Swali ni la haki, nami sitalikwepa. Nililiuliza mwenyewe. Mwaka 1944, wakati Divisheni ya Kumi na Moja ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikipita bonde la Kabaw huko Burma kuelekea mto Chindwin, na vijana wa Kikamba walikuwamo humo, wakitembea matopeni katika vita vya watu wengine, huku nyuma, Makueni, serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji aitwaye J. A. Hunter asafishe pori ili watu wapate mahali pa kuhamia. Kuanzia Agosti 1944 hadi Oktoba 1946 aliwaua vifaru 996. Sikilizeni upatanisho: vifaru hawa, si vifaru hivi. Wenye pumzi. Hoteli aliyoianzisha pale Kiboko, kando ya njia ya Mombasa, ilipewa jina lake, na wachongaji wetu wa Ukambani wanachonga vifaru vya miti kwa watalii, vizuri kabisa, ilhali wengi wao hawajamwona kifaru hai ila kwa kuingia hifadhi ya Tsavo. Basi nikimtazama mtoto huyu na kifaru chake cha debe, siogopi kwamba atapenda vita. Makueni jina moja lilifutwa kwa bunduki, na vijana wa Kikamba wakapelekwa vitani kuliona la pili. Mtoto anayekata bati anauliza tu kile kitu kimeundwaje. Huo ndio mtazamo wangu, na asiyekubali ana ruhusa.

Tena, kwa wanaodhani kifaru bandia ni upuuzi wa watoto, nawakumbusha ya kuwa mwaka 1942, kabla ya vita vya El Alamein huko Misri, majeshi ya Uingereza yalitumia nguvu nyingi kuunda vifaru vya mbao na turubali visivyokwenda popote, na kuvifunika vifaru vya kweli vipate kuonekana kama malori, ili Wajerumani wakitazama kutoka angani wakosee hesabu. Wazee wenye nyota mabegani walikaa jangwani wakifanya hasa kazi aliyoifanya mtoto huyu chini ya mwembe wangu, nao hawakupata kibuyu kizuri kama chetu.

Nimalizie kwa habari ya kazi inayoendelea, maana kifaru hakijatulia. Majuzi mtoto alisikia kwamba jeshi letu lina kifaru kingine, cha zamani zaidi, Vickers Mark 3, kilichoagizwa Uingereza katika miaka ya 1970, nacho pia kina magurudumu sita kila upande. Lakini mzinga wake ni wa milimita 105 badala ya 125, na ndani yake hukaa askari wanne badala ya watatu, kwa kuwa risasi hutiwa kwa mikono ya mtu wala si kwa mashine. Sasa anataka mnara wa pili wa kubadilisha. Huo si wa mviringo; una pembe na mkia mrefu, kibuyu hakifai. Tumerudi kwenye debe. Ile antena tumeifupisha kwa kuisukuma ndani pande moja. Rangi amemaliza: kijani kibichi, na juu yake vumbi jekundu la Kibwezi lililokorogwa na maji ya gundi, akalipaka kwa unyoya wa kuku chini ya magurudumu tu, mahali vumbi linaposhika kwa kweli. Nimesikia ya kuwa huko nje watu hununua vumbi la namna hiyo dukani, katika vichupa. Sikuamini, lakini nimeambiwa na mtu asiyesema uongo.

Limebaki jambo moja, nalo ni deni. Magurudumu sita kila upande ni kumi na mawili, na kila gurudumu la kifaru ni sahani mbili zilizokaa sambamba, kwa hiyo vilitakiwa vizibo 24, vya namna moja, visivyopindwa. Na wachezaji wa drafti mnajua kete za drafti ni ngapi. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kete za wazee wetu zilikuwa vizibo, na mtoto alizitwaa zote katika baraza lao karibu na kituo cha mabasi, kwa idhini, nadai mimi. Bila idhini, wanadai wao. Tangu Aprili wazee hao wanacheza kwa punje za mahindi, nyeupe kwa njano, na jogoo wa mwenye duka amekwisha kula kingi mara mbili, mchezo ukavunjika katikati na lawama zikaletwa mlangoni kwangu. Basi msikilizaji yeyote wa Kitui au Makueni mwenye vizibo 24 vilivyofunguliwa kwa taratibu, visivyo na kidonda cha kifunguo, namwomba avilete pale barazani siku ya soko, awakabidhi wazee mkononi, aseme vimetoka kwa mwalimu wa ufundi. Mimi bado naogopa kupita njia ile.